Mshono Uliosagwa

Siku ile mjinga alikuwa Sifuna, wala si mtu mwingine, na afadhali lisemwe mapema kabla hajaanza kutafutiwa visingizio. Visingizio vilikuwapo tele. Joto lilikuwapo, haraka ilikuwapo, magoti yalimuuma, na ile karatasi ya maagizo ilikuwa ndefu kama mahubiri ya Ijumaa Kuu. Lakini joto halikushika grainda, ile mashine ya kusagia chuma. Grainda ilishikwa na Sifuna, kwa mikono yake miwili, tena kwa bashasha.

Mambo yalikuwa hivi. Chuo cha ufundi alichofundishia, kile kilichojibanza nyuma ya maduka ya Kansanga, kilikuwa kimepata mchumba wa Ulaya. Mchumba mwenyewe naye alikuwa chuo cha ufundi, huko Denmark, na kwa mwaka mzima vyuo hivi viwili vilikuwa vikiandikiana barua tamu. Mwishowe Wadenmark wakasema maneno matamu yametosha, sasa tuonyesheni kazi, wakatuma karatasi ya maagizo. Kila mwanafunzi wa uchomeleaji aunge vibamba viwili vya chuma viwe kimoja, vipande vyote vitiwe kwenye sanduku, vipelekwe kwa ndege. Kule wangevikata na kuvipinda waone kama mshono unashika. Wanafunzi wawili bora wangekwenda kusoma miezi sita na kurudi na cheti kinachoheshimiwa nchi nyingi kuliko ambazo Sifuna angeweza kuzitaja. Baadaye vijana wawili wa Denmark nao wangekuja Kansanga kujifunza. Hapo Sifuna alicheka. Aliona watajifunza somo moja tu, kungojea umeme, maana mwaka ule umeme wa Kampala ulikuwa wa zamu, leo kwenu kesho kwetu, na kesho yenyewe haina saa.

Vipande vilikuwa kumi na viwili. Jumamosi, wanafunzi walipokwisha kuondoka, Sifuna alivipanga mezani akavitazama, na moyo ukamsinyaa. Mishono ilikuwa imesimama juu ya chuma kama kovu la kidonda. Mingine ilikuwa mizuri, mmoja ulikuwa mzuri mno, lakini yote ilionekana. Akajiuliza, hivi kweli hawa watoto wapelekwe mbele ya wakwe hivi hivi? Siku ya kwanjula, binti anapotambulishwa kwa wakwe, nani humtoa binti sebuleni na vumbi la jikoni?

Basi akawasha grainda, akaisaga mishono yote kumi na miwili mpaka ikalala sawasawa na chuma. Mahali palipobaki vishimo akaziba kwa puti. Akamalizia kwa rangi ya fedha, akaipaka mara mbili, akavianika juani. Vikang'aa kama sufuria za harusi.

Nusura, mtunza stoo, alitoka nje na kikombe chake cha chai akasimama kuvitazama. Alikuwa mama wa Kinubi, mtu wa Kibuli, aliyezika mume na kulea watoto watano kwa mshahara wa stoo ile, na hakuwa na tabia ya kusifu kitu bure.

"Mwalimu, ile karatasi yao wewe ulisoma yote?"

"Nimesoma, Mama Hamim."

"Yote?"

"Ukurasa wa kwanza umesema kila kitu. Huko nyuma ni usalama, usalama, vaa viatu, vaa miwani. Mimi nivalishwe viatu na karatasi?"

Nusura akanywa chai yake. "Haya. Viko smart."

Ni kweli vilikuwa smart, na hapo ndipo ujinga wa Sifuna unapohitaji kuelezwa, kwa sababu haukuwa ujinga wa mtu asiyejua kazi. Ulikuwa ujinga wa mtu anayeijua sana kazi moja.

Sifuna alivuka mpaka pale Malaba mwaka wa themanini na saba, vita vimekwisha mwaka mmoja tu, akiwa na begi moja la nguo na grainda moja ya mkopo. Kampala ya siku zile ilikuwa imebakiwa na kuta. Milango ilichukuliwa, madirisha yalichukuliwa, na kuna nyumba ambazo hata fremu zilibebwa. Kila aliyerudi kwake alitaka kitu kimoja kabla ya kitanda: geti. Sifuna akachomelea mageti Kamwokya, akachomelea mageti Nakivubo, akachomelea nyavu za madirisha mpaka mji mzima ukawa kama kizimba cha kuku, na kila kuku akamshukuru. Mteja wa geti hana kipimo kingine isipokuwa kiganja. Anapitisha kiganja kwenye maungio. Kikikwama, anasema kazi ni mbaya, anatoa nusu, anaondoka. Kikiteleza, anatoa yote na kuku wa kuagia. Kwa hiyo mafundi wa Kampala wakajifunza kusaga, kuziba, kupaka. Sifuna aliwaambia wanafunzi wake kila muhula, "Welda mzuri haonekani," na hakuwa anatania, ingawa mambo mengine yote aliyosema darasani yalikuwa utani.

Jumatatu Akech alikuja kufunga sanduku. Akech alikuwa kiranja wa darasa, msichana peke yake kati ya wavulana kumi na mmoja, mzaliwa wa upande wa Kenya ambaye mama yake alimleta Kampala akiwa mdogo na mpaka leo anauza mitumba Nakivubo. Ule mshono mzuri mno ulikuwa wake. Ulikuwa umelala kwa mistari midogo iliyolaliana, sawa na magamba ya ngege aliyetolewa ziwani sasa hivi. Alivigeuza vipande kimoja kimoja, akatafuta chake, akakijua kwa namba tu iliyogongwa pembeni.

"Mwalimu, mbona vyote vinafanana?"

"Nimewavalisha."

Akech alitaka kusema kitu. Kisha akakunja gazeti, akafunga kipande cha kwanza, cha pili, cha tatu.

Wiki tatu zikapita, jibu likaja. Mkuu wa chuo, Bwana Mumbere, alimwita Sifuna ofisini. Mumbere alikuwa mtu wa Kasese, mrefu, mpole wa sauti, na Kiswahili chake kilikuwa kimelelewa upande wa Kongo. Mezani kwake alikuwa na bendera mbili ndogo, ya Uganda na ya Denmark, zimechomekwa kwenye kigogo kimoja. Ile ya Denmark alishonesha kwa fundi wa Kansanga, na msalaba ulikuwa umepinda kidogo.

"Kaa, mwalimu. Hii maneno ni kubwa."

Barua ilikuwa fupi. Vipande vyote kumi na viwili vilikataliwa kabla ya kupindwa. Ukurasa wa tatu wa maagizo ulisema mshono uachwe kama ulivyotoka mkononi, usisagwe, usipakwe. Mshono uliosagwa haupimwi, kwa sababu aliyeusaga ana kitu anachoficha. Mtu wao, mwalimu wa uchomeleaji, alikuwa njiani kwa kazi zake Nairobi. Alhamisi angepitia Kampala aone kama uchumba uvunjwe au wajaribu tena.

Sifuna alisoma mstari wa "anachoficha" mara mbili. Macho yake yalikuwa ya miaka ishirini ya cheche na kila herufi ilikuwa na ndugu yake pembeni, lakini neno hilo lilisomeka wazi.

"Mimi nilisaga," akasema. "Sikuficha kitu. Nilitaka wapendeze."

"Najua. Ndiyo maana nimekuita peke yako." Mumbere akasogeza bendera kidogo, akazirudisha pale pale. "Sikia, mwalimu. Mkataba wetu nao unasema tuwe na mwalimu anayejua kazi. Ukisema ni wewe, basi chuo hakina mwalimu, na mambo imeisha. Lakini ikiwa ni wanafunzi, hiyo ni utoto. Wanafunzi wanakosea, ndiyo sababu wako shule. Mwalimu akiwa na kosa, chuo kina kosa. Mwanafunzi akiwa na kosa, ni mwanafunzi."

"Mwanafunzi gani?"

"Nani alifunga sanduku?"

Nje, fundi bomba mmoja alikuwa akigonga kitu bila haraka, tan, tan, kama mtu anayelipwa kwa saa.

"Akech ana miaka ishirini na minne," Sifuna akasema. "Wale wanachukua mwisho ishirini na minne. Januari anatimiza ishirini na mitano. Mwaka huu ni mwaka huu, Mkuu."

"Ataolewa, atafanya kazi, atapata kitu kingine. Chuo hakipati Denmark nyingine." Mumbere alisema hivyo kwa huruma ya kweli, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Wewe pia una watoto shule. Usiseme uongo. Wewe nyamaza tu. Mimi nitasema."

Sifuna alichoka ghafla. Haukuwa uchovu wa siku moja, ulikuwa ule uliokuwa ukimngojea tangu Malaba, ukamkuta amekaa. Akasema, "Tutaona." Na mjini Kampala mtu akisema tutaona, ujue amekwisha kubali, ila hataki kuwapo atakapokubali.

Jioni ile Akech alimvizia penye lango. "Mwalimu, wamesema nini?"

"Wanakuja kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Kuangalia tu, binti yangu. Nenda nyumbani, msalimie mama."

Akaenda zake kwa miguu mpaka kwenye chumba chake cha kupanga, na njiani alipita mageti manne aliyoyatengeneza mwenyewe. Siku nyingine angeyagonga kwa kidole kama mtu anayesalimia wanawe. Siku hiyo aliyapita kama mtu aliyekopa.

Alhamisi Mumbere alituma gari la chuo uwanja wa ndege, na bango, na dereva amevaa tai. Mgeni akaingia kwa boda. Alikuwa mama wa miaka hamsini na ushee aitwaye Inger, nywele fupi za mvi, na mikono yake kuanzia kiwiko mpaka vidoleni ilikuwa na madoa meupe ya kuungua. Sifuna aliyaona madoa yale kabla ya uso, akajua huyu si mtu wa ofisini. Mgongoni alibeba mkoba uliomvuta bega moja chini.

Mumbere alikuwa ametayarisha hotuba ya Kiingereza. Akafungua kinywa. Inger akamwamkia Sifuna, "Shikamoo, mwalimu," kwa Kiswahili safi cha Iringa, alikofundisha miaka minne ujanani.

Sifuna alitikisika. Mara ya mwisho kuamkiwa hivyo hakumbuki. "Marahaba," akasema.

"Na wewe shikamoo, Mkuu."

"Yes, please," akajibu Mumbere, na hotuba ikamfia mkononi.

Walikwenda karakana moja kwa moja. Umeme haukuwapo. Wanafunzi kumi na wawili walikuwa wamesimama kwa mstari, maovaroli yamefuliwa, Akech mwishoni. Nusura alisimama mlangoni mwa stoo yake, mikono kifuani. Inger akashusha mkoba, akaufungua, akaanza kupanga juu ya meza vipande vyote kumi na viwili, kimoja baada ya kingine, vile vile vinavyong'aa. Alikuwa amevibeba kutoka Denmark.

"Ni vizuri sana," akasema. "Nilimwonyesha mume wangu, akauliza kama ni mapambo. Nataka kujua kitu kimoja tu. Nani alivisaga?"

Mumbere akakohoa. "Mama, ilikuwa utoto. Hawa vijana walitaka kupendeza wageni, mwalimu hakujua. Kiranja ndiye alifunga sanduku. Tumeshamkanya."

Macho yote yakaenda mwishoni mwa mstari. Akech hakumtazama Mumbere. Alimtazama Sifuna, mara moja, bila hasira, jinsi mtu anavyotazama saa. Mwanafunzi wa mahali pale hamshitaki mwalimu wake mbele ya mgeni, hata kama mgeni ameuliza, hata kama jibu liko mezani linang'aa.

"Sanduku nilifunga mimi," akasema.

Ni kweli, alilifunga yeye. Akaishia hapo, akaweka mikono nyuma. Nusura aliangalia chini, akaangalia juu, akamwangalia Sifuna, na macho ya Nusura hayakuwa kama saa. Yalikuwa kama nyundo.

Sifuna alijua angeweza kukaa kimya dakika moja zaidi na mambo yakapita. Mengi maishani mwake yalipita hivyo hivyo, kwa dakika moja zaidi. Lakini alikuwa amechoka hata kukaa kimya. Kukaa kimya nako ni kazi, na mabega yake yalikuwa hayaiwezi tena.

"Ni mimi," akasema. "Hawa hawana habari. Mimi nilisaga, nikaziba, nikapaka. Jumamosi, peke yangu. Huyu msichana alikuta nimemaliza."

"Mwalimu anajibebesha," Mumbere akaanza.

"Mkuu, sijibebeshi. Ni mizigo yangu."

Inger akavuta kigoda akakaa. "Kwa nini ulisaga?"

Basi Sifuna akamweleza. Akamweleza themanini na saba, nyumba zisizo na milango, kiganja cha mteja. "Hapa geti likionyesha mshono, mama, hulipwi. Watasema huyu fundi ni mchafu."

"Kwetu mshono ukifichwa, hulipwi. Watasema huyu fundi ni mwoga."

"Basi wateja wetu wakutane, waelewane wao kwa wao, sisi tupumzike."

Inger akacheka, na wavulana wakathubutu kucheka. Mumbere peke yake hakucheka. Alikuwa akipiga hesabu ya kitu kingine.

"Umeme utarudi saa ngapi?" Inger akauliza.

"Ukitaka wenyewe," akasema Nusura.

"Basi tungoje utake. Kila mmoja ataunga kipande kipya mbele yangu. Na mwalimu pia."

Wakangoja. Walikula mandazi ya Nusura, wakanywa chai, wakahamia kivulini, kivuli kikahama nao wakahama. Inger aliuliza vijana wa Denmark wakija watalala wapi, watakula nini. Opoka, kijana mmoja wa Gulu mwenye maneno, akamwambia watalala pale pale wanapongojea umeme. Saa tisa na kitu taa ya karakana ikapepesa, ikakataa, ikawaka.

Walichomelea mmoja mmoja. Kazi yenyewe hakuna asiyeijua: unashika rodi, unashusha kofia usoni, unachora mstari wa moto, unagonga takataka za juu, basi. Kisha Inger akakata kila kipande kwa msumeno, akakibana kwenye jiliwa, akakipinda kwa nyundo nzito mpaka mshono ukavutika kama ngozi ya ngoma. Kipande kibovu hupasuka pale pale kwenye mshono. Cha kwanza kikapasuka. Cha pili, cha tatu. Cha Opoka kilishika. Vingine vikapasuka, kimoja kwa mlio kama wa karanga. Cha Akech akakipinda mpaka ncha mbili zikakaribia kugusana, akakigeuza kwenye mwanga, akapitisha ukucha juu yake, akakigeuza tena.

"Mkono huu nani alikufundisha?"

"Mwalimu," Akech akasema. "Mkono polepole, pumzi polepole, ni yeye. Moto kufika huku ndani nilijifunza likizo, kwenye matangi ya maji Kamwokya. Tangi ukilipaka rangi linavuja tu."

Sifuna alikuja mwisho. Hakuwa na wasiwasi. Aliunga vibamba vyake kwa mtindo wa miaka yote, haraka, mkono unajua njia wenyewe, na mstari uliotoka ulikuwa mzuri hata bila kusagwa. Wavulana wakanong'ona kwa fahari. Inger akabana, akapiga nyundo ya kwanza. Ya pili, kipande kikafunguka kama kitabu.

Sifuna aliinama kuona. Juu mshono ulikuwa umeshika ngozi tu. Chini yake, kati ya vibamba viwili, kulikuwa na pengo jeusi lisiloguswa na moto hata kidogo. Alilitazama sana. Geti halipindwi na mtu. Kwa miaka yote ile hakuna mteja aliyewahi kumfungulia kazi yake aone ndani, wala yeye mwenyewe hakuwahi kuomba. Akawaza mageti ya mji mzima, yamesimama, yamefungwa, watu wamelala nyuma yake kwa amani.

"Pole," Inger akasema, taratibu.

"Nimeshapoa."

Hapo Mumbere akasogea mbele, na kumbe ile hesabu yake imefika mwisho.

"Mama, nashukuru Mungu tumeona," akasema. "Ugonjwa umejulikana. Mwalimu wetu hana hii elimu, na mimi kama mkuu sina hii elimu. Sasa tunapelekaje watoto kabla ya wazazi? Mkataba unasema chuo ndicho kinatoa majina. Nafasi ni mbili. Natoa jina langu na la mwalimu. Tutasoma, tutarudi, tutafundisha wote. Watoto watafuata mwakani."

Inger akafuta mikono kwa tambara. Uso wake ulikuwa umechoka kama wa Sifuna. "Mkataba unasema hivyo, ni kweli. Majina ni yenu. Mimi nimepima tu. Na kwetu pia wakubwa hupenda kusafiri, usifikiri mmeanza nyie."

"Mwakani wengine hawamo," Opoka akasema, bila kumtaja mtu.

"Mwalimu," Mumbere akamgeukia Sifuna, sauti ya upole ile ile ya ofisini, "waambie. Wewe hutaki kuona Ulaya?"

Sifuna alitaka. Asije mtu akadanganywa kwamba hakutaka. Miaka hamsini na moja, hajapanda hata ndege ya maonyesho, na hapa ameambiwa miezi sita, kitanda, chakula, kufundishwa tena kama kijana, arudi na karatasi ambayo hakuna bwana mdogo wa wizara ya elimu ambaye angeitilia shaka. Na lile pengo jeusi lilitaka kuzibwa. Aliiona safari nzima, mpaka sweta. Kisha akakiona kipande cha Akech mezani, kimepindana, hakina ufa.

"Nataka sana, Mkuu," akasema. "Lakini kipande changu kimevunjika. Kila mtu ameona. Mimi nitoe. Jina langu litoe, uweke la huyu binti. Mimi nitakaa hapa, na mama akiniachia kile kitabu chao nitakisoma, na safari hii nitafika ukurasa wa tatu."

Nusura akaguna mlangoni. Ulikuwa mguno wa kukubali, na Nusura hakuwa na mwingi.

Mumbere akashika tai yake. "Sawa. Mwalimu amejitoa, ni uungwana. Basi tunagawana. Mimi nafasi moja, wanafunzi nafasi moja, hawa wawili ambao vipande vyao vimeshika watapiga kura. Si mnaona? Hakuna aliyeonewa."

"Na kura ikimwangukia Opoka?" Sifuna akauliza.

"Ni Mungu. Mwalimu, usiharibu. Haiwezekani watoto watoke nje ya nchi bila mkubwa. Mimi ndiye chuo. Popote duniani, kiongozi hutangulia, wengine wanafuata."

Inger alitazama sakafu. Akech ndiye aliyesogea. Alitembea mpaka kwenye mashine iliyokuwa bado inanguruma, akaichukua kofia ya kuchomelea ambayo bado ilikuwa na joto la uso wa Sifuna, akaweka vibamba viwili vipya juu ya meza, akaja akasimama mbele ya Mumbere na kumnyooshea kofia ile kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Basi tangulia, Mkuu. Umeme upo."